Majina ya Tao

Binamu yangu alikuwa na siku moja Nairobi. Alikuwa amekuja kufuatilia karatasi fulani kwenye ofisi fulani, akamaliza Ijumaa jioni, na basi lake la kurudi Kakamega lilikuwa la Jumamosi usiku. Hakutaka kulala mchana kutwa Kangemi kwangu akiangalia simu. "Nitembeze tao," akaniambia. "Si kupita. Kutembezwa, kama mtalii."

Nikamuuliza anataka kuona nini. Akasema popote nitakapompeleka ni sawa, lakini kuna wale wanaume wa shaba wa Kenyatta Avenue, hao lazima.

Nilijua sababu. Kwetu inasemwa kwamba kaka mkubwa wa baba ya babu yetu alichukuliwa mwaka wa 1917 kwenda kubeba mizigo ya Waingereza katika vita vyao na Wajerumani, na hakurudi. Hakuna barua, hakuna kaburi, hakuna picha. Kilichobaki ni jina, ambalo limekuwa likipewa mtoto wa kiume katika kila kizazi ili lisipotee, na kizazi hiki aliyelipata ni yeye. Silitaji hapa, ni la nyumbani.

Tukapanda matatu mapema, Waiyaki Way ikiwa bado haijajaa. Barabara hiyo ina jina la Waiyaki wa Hinga, aliyekamatwa na Waingereza mwaka wa 1892, akafia Kibwezi wakimpeleka Pwani. Watu maelfu hulitamka jina lake kila asubuhi wakilalamikia jam.

Tulianzia Archives, kwa sababu kila mtu Nairobi huanzia hapo. "Tupatane Archives" ni sentensi ambayo imeunganisha na kuvunja mapenzi mengi. Wanaosubiriana kwenye ngazi ni wengi kuliko wanaoingia ndani. Jengo lenyewe lilikuwa benki, na orofa ya chini sasa imejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache tu mwaka wa 1966 kabla ya kuachana na siasa. Ningependa wanasiasa wengi wastaafu hivyo: utoke mapema, uachie nchi vinyago, nguo, vitabu na stempu badala ya kesi za mashamba. Binamu alikaa ndani karibu saa nzima. Mimi nilitoka nje nikanunua karanga.

Hatua chache kutoka hapo amesimama Tom Mboya. Moi Avenue ilikuwa ikiitwa Government Road wakati huo, na Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa barabarani hapo. Alikuwa na miaka 38. Barabara iliyopita nyuma, iliyokuwa Victoria Street, ikapewa jina lake upesi. Sanamu ilichukua muda zaidi, ikazinduliwa Oktoba 2011. Miaka 42. Angalia jinsi mambo yanavyokwenda katika jiji hili: kubandika jina kwenye kibao ni kazi ya wiki chache, lakini kumsimamisha mtu mahali alipouawa, kila anayeshuka matatu amwone, hiyo inangoja serikali kadhaa zipite.

Tukashuka na Moi Avenue mpaka Haile Selassie, kwenye bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7. Mwaka wa 1998 ubalozi wa Marekani ulikuwa kwenye kiwanja hicho. Bomu lililipuka asubuhi ya Ijumaa, likaangusha Ufundi House iliyokuwa ubavuni, likavunja vioo vya jengo la Co-operative juu mpaka chini. Watu 213 walikufa Nairobi, na 11 Dar es Salaam dakika chache tu zikipishana. Majina yao yameandikwa ukutani. Binamu aliyasoma taratibu, kwa midomo, bila sauti, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu mtihani. Mtu mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi akila mkate, akatusogezea nafasi bila kusema neno.

Nimesoma kwamba kule Hiroshima, chini ya mnara wa kumbukumbu ya bomu la 1945, kuna sanduku la jiwe lenye vitabu vya majina, na kila tarehe 6 Agosti huongezwa majina ya manusura waliofariki tangu mwaka uliotangulia. Yaani orodha haijafungwa. Mtalii anayezunguka jiji lile anaambiwa wazi kwamba waliokufa walikuwa watu mmoja mmoja. Ukuta wetu wa Agosti 7 ni mdogo, na ukiwa ndani unasikia honi za mabasi, lakini unasema jambo hilo hilo. Siku hiyo nzima hatukuona mahali pengine tao palipojaribu kufanya hivyo.

Kutoka hapo unavuka tu kwenda upande wa reli. Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899, mahali pa matope na maji baridi ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, na mji ukaota kando ya stesheni kama uyoga. Kwenye jumba la makumbusho ya reli kuna behewa moja ambalo watoto wa shule huletwa kuliona. Ndani yake, Juni 1900, huko Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alikuwa akimvizia simba mla watu, usingizi ukamshinda, na simba akaingia akamtoa dirishani. Kisa kinajulikana vizuri sana: tunajua jina la marehemu, cheo chake, tunajua alilala behewa gani, na behewa limehifadhiwa.

Wafanyakazi wa Kihindi walioletwa kujenga reli hiyo walikuwa karibu elfu 32. Waliokufa walikuwa 2,493. Hiyo ndiyo namna wanavyokumbukwa: tarakimu nne. Binamu aliuliza kama behewa lao lipo. Nikamwambia wao hawakupewa behewa.

KICC nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyompendeza zaidi. Jengo lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso wetu, likakamilika mwaka wa 1973 likiwa na orofa 28, kwa wakati wa mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kupanda juu unalipa, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo mlangoni ukaulizwa kitambulisho. Binamu akatoa chake, akasema kwa mzaha, "Kipande hicho."

Wazee kijijini bado hukiita kitambulisho kipande, na neno hilo si la mzaha. Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, na maneno ya mwajiri kumhusu, ndani ya kijisanduku cha chuma, wengi wakikivaa shingoni. Bila hicho ukikutwa tao, ulikuwa mhalifu kwa kusimama tu. Kwa hiyo usifikiri kwamba serikali ya kikoloni haikujua kuandika majina ya Waafrika. Ilijua sana. Iliyaandika mamia ya maelfu kwa ajili ya kodi na kazi, na ikitaka mtu, ilimpata.

Tukaona Ngong upande mmoja, mbuga upande mwingine, tukapiga selfi, tukashuka.

Kimathi yuko kwenye makutano ya barabara yenye jina lake, ambayo zamani ilikuwa Hardinge Street, karibu na mnara wa Hilton ambao umekuwa kimya tangu hoteli ifungwe mwisho wa 2022. Bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine, nywele za msituni. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe Kamiti. Kumbuka kwamba mpaka mwaka wa 2003 Mau Mau lilikuwa bado kundi lililopigwa marufuku kisheria, serikali baada ya serikali za Kenya huru zikiuacha mkono wa mkoloni kwenye karatasi. Kimathi ana jina kubwa, ana barabara, ana chuo kikuu Nyeri, lakini hana kaburi ambalo familia imeoneshwa. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki Mei 2023 akiwa bado anadai mifupa.

Wachuuzi waliokuwa wamepanga soksi chini ya sanamu wakazikunja ghafla wakapotea. Kanjo walikuwa wamefika. Dakika tano baadaye soksi zilirudi.

Halafu Kenyatta Avenue.

Ukiwa na haraka utadhani ni taa za barabarani. Wanaume watatu wa shaba wako katikati ya barabara, matatu zikipita pande zote mbili, njiwa vichwani. Wamekuwa hapo tangu miaka ya 1920, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye pia alitengeneza yule askari wa Dar es Salaam aliye Samora Avenue. Si wote watatu ni wapiganaji. Mmoja ni mpagazi. Chini yao kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayowakumbuka askari wenyeji na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamalizia kwa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Tulizunguka jiwe lote. Hakuna jina hata moja.

Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, na hapa ndipo kisa kinaponikera. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliuawa Loos, Ufaransa, mwaka wa 1915. Mwili haukupatikana maisha yote ya Kipling. Baba akaingia kwenye tume iliyoshughulikia makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza, na ni yeye aliyechagua yale maneno ya Biblia kuhusu majina yaishiyo milele, yaliyochongwa kwenye mawe ya kumbukumbu dunia nzima. Kule Loos, ambako mwanawe hakuwa na kaburi, kuna ukuta, na jina la John Kipling liliandikwa juu yake. Kwa hiyo mtu huyu alijua kuliko wengi maana ya kukosa mwili ukabaki na jina tu. Akatuandikia sentensi nzuri kuhusu majina, ikawekwa juu ya jiwe lisilo na majina.

Vita vya hapa kwetu vilikuwa vya kutembea. Magari hayakupita, ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o, kwa hiyo kila gunia la unga na kila kasha la risasi lilibebwa kichwani kutoka Voi na Kilwa mpaka ndani ya Tanganyika na Msumbiji. Mwaka wa 1917, wapagazi walipopungua, John Ainsworth akasimamia msako mkubwa wa wanaume, na Nyanza na maeneo ya kwetu yakakamuliwa. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja karibu wapagazi elfu 95 waliokufa, na waliouawa na risasi walikuwa wachache. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia, na unga ambao haukuiva vizuri. Mishahara ya wengi wao haikufika nyumbani. Sababu iliyotolewa ni kwamba warithi walikuwa vigumu kupatikana. Hawa hawa ambao miaka michache baadaye walipatikana wote, kijiji kwa kijiji, wakavishwa kipande.

Aprili 2021, tume ile ile ya makaburi, sasa ikiwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri. Watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na ripoti ikasema ubaguzi wa rangi ulikuwa mzizi wa jambo hilo. Uingereza ikaomba radhi bungeni. Januari 2025 Cape Town ikapata bustani ya kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo, kila mmoja na nguzo yake ya mti. Kwa hiyo inawezekana. Inahitaji tu mtu aingie kwenye makaratasi na atafute.

Upande ule wa barabara, karibu na hoteli ya Stanley, ndipo alipokuwa Lord Delamere wa shaba, na barabara nzima ilikuwa na jina lake. Wakati wa uhuru aling'olewa. Hakuyeyushwa. Alipelekwa Soysambu, kwenye ardhi ya familia. Sanamu yenye shamba la kurudia.

Binamu alivuka mpaka kwa wale watatu, akaweka kiganja kwenye jiwe. Haikuwa sala. Ilikuwa kama unavyogusa bega la mtu kwenye foleni kumuuliza kama yeye ndiye wa mwisho. Askari wa trafiki akatupigia filimbi tutoke.

Tukapanda upande wa Jeevanjee, tukapumzika kwenye nyasi ambazo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi mwaka wa 1906, na ambazo mwaka wa 1991 zilinusurika kugeuzwa maegesho ya magari kwa sababu mjukuu wake, Zarina Patel, alikataa hadharani wakati kukataa kulikuwa na gharama. Wahubiri wawili walikuwa wakishindana. Tukala mahindi.

Kisha tukaenda hadi Central Police na Norfolk. Binamu hakujua kwa nini nampeleka kuangalia kituo cha polisi.

Machi 1922, Harry Thuku, karani wa simu aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kulazimishwa kwa wanawake kufanya kazi za mashambani, alikamatwa akafungiwa hapa. Maelfu walikusanyika wakidai aachiliwe. Tarehe 16 viongozi waliotumwa kuongea na serikali walirudi wakawaambia watu waende nyumbani. Wanaume wakaanza kuondoka. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akainua nguo yake juu ya mabega, tusi zito kuliko yote ambayo mama wa Kikuyu angeweza kuwapa wanaume, akawaambia wachukue nguo yake wampe suruali zao. Umati ukageuka, ukasukuma mpaka kwenye singe za askari. Polisi wakafyatua. Walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk, hoteli iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, nao wakapiga risasi kutoka huko. Serikali ilitaja waliokufa 21. Hesabu nyingine zinazidi 50. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza.

Barabara inayopita hapo mbele ya hoteli inaitwa Harry Thuku Road. Thuku alihamishiwa Kismayu, akarudi, akazeeka akawa mkulima wa kahawa. Sina ubaya naye. Lakini tulitembea barabara hiyo kutoka mwanzo mpaka mwisho na jina la Nyanjiru hatukuliona popote. Wale wengine 20, au 50, hata vitabu haviwataji.

"Na wale wa juzi?" binamu akauliza.

Hakuwa na haja ya kueleza. Juni 2024 barabara hizi hizi zilijaa vijana wa umri wetu wakipinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 wengine wakaingia Bungeni, na risasi zikapigwa. Tarehe 7 Julai vijana wakajaa Uhuru Park kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa. Nilikuwapo. Kilichonishangaza ni jinsi watu wasiojuana walivyokuwa wakiyajua majina, yote mawili, la kwanza na la baba, na umri, na kazi. Yaliandikwa mitandaoni, kwenye kadibodi, kwenye fulana. Nikamwambia binamu hivyo. Nikamwambia pia kwamba fulana hufifia, na akaunti hufungwa, na mimi mwenyewe nikijipima sasa siwezi kuyataja yote.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema tuyaandike kwenye karatasi ya kawaida, ya daftari, tuweke nyumbani mahali pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Jua lilikuwa linaelekea Westlands. Tukashuka Globe, tukaelekea Kariokor, kwa sababu alitaka akala na kwa sababu jina hilo ni lao. Kambi ya wapagazi ilikuwa upande huu, kikosi kikiitwa Carrier Corps, na midomo ya watu ikalitengeneza hivyo, kama Dar walivyolitengeneza likawa Kariakoo. Hakuna kamati iliyokaa. Makanga wanaliita siku nzima, wasafiri wanashuka.

Muuza akala alikuwa mzee mcheshi. Akatupimia kwa macho, akataja bei, tukabishana vya kutosha kila mmoja abaki na heshima yake, binamu akalipa kwa M-Pesa. Ujumbe ulipoingia, mzee akaivuta simu mbali na macho, akasoma jina lililotuma kwa sauti, ili ahakikishe. Alilikosea kidogo. Binamu akamtajia tena, polepole, silabi kwa silabi, mpaka akalipata.